Vilima vya skii vilivyosahaulika New England: ni nini hasa kiliviua?

#1 MtazamaMilima
Wanajukwaa, salaam.

Anayesafiri kwa gari katika majimbo ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, hasa mwezi wa Novemba majani yanapokuwa yamekwisha kupukutika, huona jambo moja likijirudia: ubavuni mwa mlima wenye msitu kuna ukanda ulionyooka ambao miti yake ni midogo kuliko ya jirani, na chini yake, ukiingia kwa miguu, hukosi ekseli yenye kutu au nguzo iliyoinama. Hapo watu walikuwa wakiteleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Mtaalamu wa hali ya hewa Jeremy Davis alianzisha mwaka 1998 mradi wa kuvikusanyia kumbukumbu vilima hivyo, New England Lost Ski Areas Project, na idadi ya vilivyoorodheshwa katika ukanda huo peke yake imepita 600.

Wengi husema theluji imepungua. Mimi sikubaliani, kwa kuwa vingi vilikufa kabla hata mazungumzo ya mabadiliko ya tabianchi hayajaanza. Dai langu ni kwamba vilima hivi viliuawa na mahakama pamoja na kampuni za bima. Mwenye hoja nyingine ailete.

#2 Kibatari
Nafuatilia. Ila mleta mada atuanzie chini kidogo, maana wengine tumekulia Tabora: huko kileleni walikuwa wanafikaje?

#3 FundiGereji
Mkuu Kibatari, nakujibu kwa niaba yake, kwa sababu hili ni la mafundi. Mwanzoni walipanda kwa miguu. Kisha ikaja kamba: mzunguko mmoja mrefu usio na mwisho, unaopita kwenye gurudumu chini na jingine juu, ukiendeshwa na injini ya gari kuukuu. Mtelezaji anasimama na skii zake, anaishika kamba inayopita, nayo inamburuta hadi juu. Kamba ikilowa inakuwa nzito kiasi kwamba mtoto hawezi kuiinua, glavu zinaisha upesi, na kwa kuwa kamba hujisokota inapokwenda, skafu au nywele zikinaswa ni balaa. Kwa hiyo palikuwa na kizuizi huko juu ambacho mtu akikigusa injini inazimika. Mtambo mzima mkulima aliweza kuujenga mwenyewe kwa vyuma vya ghalani.

Kule Marekani wa kwanza ulifungwa Woodstock, jimbo la Vermont, Januari 1934, kwenye malisho ya mkulima Clinton Gilbert, kwa injini ya Ford.

#4 MsomaRamani
Fundi amesema kweli kuhusu Marekani, lakini asije mtu akaibeba habari hiyo kama ndiyo ya kwanza Amerika Kaskazini. Kanada walitangulia: huko Shawbridge, Quebec, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Alex Foster aliliinua gari kwa jeki, akaizungusha kamba kwenye ringi la gurudumu la nyuma, na watu wakalipa kuvutwa. Naongezea kwamba wateja walikuwapo kabla ya mitambo. Januari 1931 treni ya kampuni ya Boston and Maine ilitoka Boston ikiwa imejaa watelezaji kwenda Warner, New Hampshire, na miaka iliyofuata treni hizo za theluji zikawa desturi. Mji mdogo wenye stesheni, nyumba ya wageni na ng'ombe kwenye mteremko ulikuwa tayari una kila kitu isipokuwa kamba.

#5 MkunguWaBukoba
Kamba hiyo ilikuwa ya mkonge wa Tanga? Nauliza kwa nia njema.

#6 FundiGereji
Hapana, mkuu. Kamba iliyotumika sana ni ya manila, nyuzi za mmea wa Ufilipino ulio wa jamii moja na mgomba. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, nyuzi hizo ziliadimika na zilizokuwapo zikawekwa kwa ajili ya jeshi, na hapo ndipo mkonge wa Tanganyika ulipotafutwa kama dhahabu. Tanga iliingia vitani kwa njia hiyo, ila kwenye skii sina ushahidi nayo.

#7 MkunguWaBukoba
Mgomba! Ninajua sasa kwamba uzi huu ni wetu.

#8 MsomaRamani
Basi sikiliza hili. Lifti ya kwanza ya viti, ile ambayo mtu anakaa na kuning'inia kwenye waya mpaka juu, ilifunguliwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na ilibuniwa na mhandisi wa reli ya Union Pacific, Jim Curran, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshughulikia mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Aliondoa kulabu ya mkungu, akaweka kiti. Kwa hiyo ndugu wa mgomba alitoa kamba ya mkulima, na mgomba wenyewe ukaleta kiti kilichokuja kuiua kamba.

Nirudi kwenye mada. Mleta mada amesahau vita. Mei 1942 petroli ilianza kutolewa kwa mgawo katika majimbo ya mashariki, na Januari 1943 kuendesha gari kwa starehe kukapigwa marufuku huko. Vijana wamekwenda vitani, petroli hakuna, kamba hakuna. Vilima vingi vilifungwa wakati huo na baadhi havikufunguliwa tena. Bima hapo inaingiaje?

#9 Wakili_Kibarazani
Habari za jioni. Naomba niweke rekodi sawa kuhusu mahakama, kwa sababu dai la #1 linategemea kesi moja ambayo haikutajwa. Ni kesi ya James Sunday dhidi ya kampuni ya Stratton, Vermont. Kijana huyo aliumia mwaka 1974 katika njia ya wanaojifunza, skii yake iliponasa kichaka kilichofichwa na theluji, akapooza. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya dola milioni 1.5, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Vermont ikaithibitisha. Kabla ya hapo iliaminika kwamba anayeteleza anajitwika hatari zote za mchezo.

Lakini tazameni mambo mawili. Kwanza, Stratton ni mlima mkubwa, nao uko hai hadi leo. Pili, mwaka uleule wa 1978 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kurudisha kanuni kwamba mchezaji anazikubali hatari zilizo dhahiri. Kama mahakama ndiyo muuaji, alikamatwa mapema sana.

#10 MtazamaMilima
Ahsante, wakili, lakini sheria haishushi bei. Kampuni ya bima ilishaona dola milioni 1.5 zikitoka kwa sababu ya kichaka, na haikungoja kusoma sheria mpya ndipo ipandishe ada. Mlima mkubwa uligawa ada hiyo kwa maelfu ya tiketi. Mkulima mwenye kamba na kibanda cha kahawa angeigawa kwa nani? Wengi hawakushtakiwa hata mara moja. Waliletewa barua ya ada mpya, wakazima injini.

#11 Kivu_Maine
Jambo, ndugu zangu. Aksanti kwa mada. Mimi natoka Bukavu, sasa naishi Lewiston, Maine. Mwenye nyumba wangu wa kwanza huku, mama mzee sana, alinionyesha nyuma ya ghala gurudumu la chuma lililofungwa kwenye mti, na mti umekwisha kulimeza nusu. Alisema baba yake alivuta watoto wa kijiji kwa kamba jioni za Jumatano na mchana wa Jumapili, baada ya kanisa. Nilipomuuliza kwa nini waliacha, hakutaja theluji wala bima. Alisema shule ya kijiji iliunganishwa na ya mji, watoto wakawa wanarudi kwa basi giza limeingia, na hakubaki wa kuvutwa.

Nasema hivi kwa kuwa hakuna hata mmoja wenu aliyetaja watoto. Kilima cha namna hiyo hakikuwa na wageni. Kilikuwa na darasa moja la shule.

#12 BintiMwambao
Poleni na baridi. Sisi huku Dubai tuna mteremko wa skii ndani ya jengo la maduka tangu mwaka 2005, na hatujawahi kulalamika kwamba theluji imechelewa.

#13 Kibatari
Bibie, huo wenu ni jokofu lenye tiketi.

#14 FundiGereji
Msimcheke, kwa sababu Dubai ndiyo mwisho wa njia iliyoanzia Connecticut. Majira ya baridi ya 1949/50 yalikuwa makavu, na Walt Schoenknecht, mwenye mlima wa Mohawk, aliagiza barafu kwa malori, akaisaga na kuitandaza. Mwaka 1950, katika jimbo hilohilo, mafundi watatu wa karakana ya skii ya Tey, ambao biashara yao ilikuwa imedorora kwa kukosa theluji, Art Hunt, Wayne Pierce na Dave Richey, walifaulu kurusha maji pamoja na hewa iliyobanwa hadi yakaanguka yakiwa theluji.

Kwangu mimi muuaji ni mashine hiyo. Kabla yake wote walikuwa sawa mbele ya mawingu: theluji isipoanguka, mkubwa na mdogo wote wanafunga. Baada yake, mwenye bwawa, pampu, kompresa na mabomba yaliyolazwa mlima mzima alifungua Desemba, wakati mwenye kamba anatazama majani makavu. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 na tena mwaka 1979, hata waliokuwa wamekopa kununua kompresa ndogo walishindwa kuziendesha. Kisha misimu miwili ya 1979/80 na 1980/81 ikaja bila theluji ya maana. Hapo hesabu ikafungwa.

#15 MsomaRamani
Hoja ya #14 ni nzuri mpaka ukifika Brodie. Mlima huo, ulioko New Ashford, Massachusetts, ulikuwa na mashine za theluji, ulikuwa na taa za usiku, ulijaa wanafunzi, na mwenyewe, Jim Kelly, aliupamba kwa mtindo wa Kiayalandi kiasi kwamba sikukuu ya Mtakatifu Patrick theluji ilipakwa rangi ya kijani. Ulinunuliwa na jirani yake, Jiminy Peak, mwaka 1999, na mwaka 2002 skii ikakoma. Leo juu yake kuna mitambo 12 ya kufua umeme kwa upepo.

Kwa upande wa pili kuna Hogback, Marlboro, Vermont, uliofunguliwa mwaka 1946. Huo ulitegemea theluji ya mawinguni tu, nao ukaishi hadi mwaka 1986. Mwenye mashine kafa, asiye na mashine kaishi miaka 40. Ninachokiona mimi ni barabara. Baada ya sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956, mtu wa Boston au Hartford aliyekuwa akitumia nusu siku kufika kilima cha karibu, sasa kwa muda huohuo anafika mlima mkubwa wa kaskazini. Hogback ulikuwa kwenye barabara ya zamani ya mashariki kwenda magharibi, na barabara kuu mpya ikapita Brattleboro ikielekea kaskazini.

#16 Wakili_Kibarazani
Takwimu zinamsaidia #15. Chama cha wenye maeneo ya skii Marekani kilihesabu maeneo 735 msimu wa 1982/83, na sasa hayafiki 500. Lakini msimu wa 2022/23 waliokwenda kuteleza walivunja rekodi, takriban ziara milioni 65. Watu hawakuuacha mchezo, walihama vilima.

#17 MfugajiMstaafu
Nimesoma kurasa zote kwa utulivu, nami naona mnamtafuta muuaji ndani ya nyumba ya skii, ilhali kifo kilitokea zizini.

Vilima hivi vilikuwa malisho. Katika karne ya 19 wakulima walikata sehemu kubwa ya misitu ya New England kwa ajili ya kondoo na baadaye ng'ombe wa maziwa. Mteremko ulikuwa wazi kwa sababu kila kiangazi ng'ombe waliulisha, wakazuia vichaka bila kulipwa hata senti. Majira ya baridi mkulima hana kazi ya shamba, trekta limelala, injini ipo. Akifunga kamba, hela yoyote inayoingia ni faida. Kisha, kuanzia miaka ya 1950, viwanda vya maziwa viliacha kupokea maziwa kwa makopo, vikadai kila mfugaji awe na tangi kubwa la kupoza. Mwenye ng'ombe wachache hakuweza kulinunua. Akauza mifugo, na baadaye akauza shamba.

Mimi nimefuga Njombe kabla ya kuja huku, na ninajua malisho yakikosa mnyama yanakuwa nini baada ya misimu michache. Bila ng'ombe, mwenye kilima alilazimika kulipa watu wa kufyeka. Kile kichaka alichokitaja wakili katika kesi ya Stratton, mbele yangu mimi ni ushahidi wa upande wangu. Vermont ya leo ni msitu kwa takriban robo tatu ya eneo lake. Theluji inaanguka palepale, lakini inaangukia miti.

#18 MtazamaMilima
Mzee, heshima yako. Hoja hii sikuitarajia, na inaeleza kwa nini mwanzo wa vifo ni miaka ya 1950. Haielezi kwa nini viliendelea miaka ya 1980, mashamba yalipokuwa yamekwisha kuuzwa.

#19 PwaniPeponi
Niulize kitu kidogo kabla hamjaendelea. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na skii, wakazitumia kushuka. Barafu yenye jina la huyo Furtwängler bado ipo kreta, ingawa inaisha. Je, Kibo nao si mlima wa skii uliosahaulika? Uingizwe kwenye orodha ya yule Davis.

#20 MsomaRamani
Hauingii, ndugu yangu, kwa sababu orodha ya Davis inahitaji mahali palipokuwa na mtambo wa kuvuta watu na shughuli iliyopangwa, kisha pakaachwa moja kwa moja. Furtwängler na mwenzake walijivuta wenyewe.

Swali lako, hata hivyo, limegusa kitu. Katika hivyo 600 na ushee, vipo milima yenye lifti za viti na hoteli, na vipo vya kamba moja nyuma ya shule, vilivyoishi misimu michache tu. Ukivijumlisha, unapata idadi ya kutisha, lakini ni kama kuhesabu vibanda vya chai vilivyofungwa pamoja na mahoteli yaliyofilisika. Kamba ya uani haikuwekwa ili idumu. Mwenyewe akizeeka, au watoto wake wakimaliza shule, imekwisha, na hakuna aliyeiua.

#21 Kivu_Maine
#20, mama yule wa Lewiston hawezi kukubaliana nawe kwamba hakuna aliyeiua. Kwake shule ndiyo iliyoiua.

#22 Mlimani_Grenoble
Salaam kutoka Ufaransa. Mjadala wenu umeiondoa theluji haraka mno. Huku kwetu, katika Alpi za kusini, kituo cha Céüze kilifungwa mwaka 2018 baada ya misimu ya theluji ya kubahatisha, na hapakuwa na kesi, wala ng'ombe, wala barabara mpya. Vituo vya chini vinafuatana kufungwa. Inawezekana New England vya kwanza vilikufa kwa sababu zenu, na vya mwisho vikafa kwa sababu yetu.

#23 FundiGereji
Hilo naliafiki kwa vya mwisho. Lakini kama kilima kidogo hakiwezekani tena, mbona Cochran's kipo? Kiko Richmond, Vermont, na kilianza mwaka 1961 kwa kamba nyuma ya nyumba ya familia. Binti wa nyumba hiyo, Barbara Ann Cochran, alichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1972 kwa tofauti ya sekunde 0.02, na mpwa wake, Ryan Cochran-Siegle, akachukua fedha mwaka 2022. Leo kinaendeshwa bila faida. Ascutney nao, uliofungwa mwaka 2010 ukiwa mlima mkubwa wenye madeni, wananchi wa West Windsor waliununua, wakaondokana na habari ya hoteli, wakafunga kamba upya, na wanaoendesha wanajitolea. Theluji ni ileile, ada za bima ni zilezile.

#24 Wakili_Kibarazani
Ada si zilezile, fundi. Asasi isiyotafuta faida inapata wachangiaji, halipwi mtu, na kodi yake ni tofauti. Umeonyesha kwamba kilima kidogo kinawezekana kisipokuwa biashara. Biashara ndiyo iliyokufa.

#25 MtazamaMilima
Kwa Mzee wa #17 nina pingamizi moja. Malisho ya Gilbert pale Woodstock, ilikoanzia kamba, hayajaota msitu. Ukipita barabarani unayaona yako wazi na kibao cha kumbukumbu kipo. Hata hivyo kamba iliondoka zamani. Aliyeichukua ile kazi mapema, Bunny Bertram, alihamia kilima chenye mteremko mkali zaidi hapo karibu, Suicide Six, ambacho tangu mwaka 2022 kinaitwa Saskadena Six na kinafanya kazi. Hapo ushindani wa biashara uliua kilima chenye nyasi.

#26 MfugajiMstaafu
Mwanangu, Gilbert's Hill umebaki wazi kwa kuwa wapo watu walioamua kuuhifadhi ukiwa shamba, na hilo linagharimu. Bertram hakukimbia kilima kibaya. Alikipata kingine kilicho wazi umbali mfupi tu, kwa kuwa mwaka 1936 bonde lote lile lilikuwa na mifugo. Angeanza leo, angeomba kibali cha kukata miti, na chini ya sheria ya ardhi ya Vermont ya mwaka 1970 angekaa mbele ya kamati akieleza maji yatakwenda wapi. Nitajie kilima kimoja cha kamba kilichofunguliwa na mkulima wa kawaida baada ya mwaka huo, nami nitaongeza neno.

#27 Wakili_Kibarazani
Mzee, sasa umeleta mshukiwa mpya, sheria ya ardhi, ambaye hukumtaja kule #17. Huyo tumjadili peke yake, maana milima mikubwa nayo ililalamika kuhusu kamati hizo, na bado ilipanuka.